O Tano za Bi Mwanarehema

Kulikuwa na jambo moja ambalo Zuleikha hakulifanya hata umsimamie kichwani na saa mkononi: hakuua herufi.

Ndivyo alivyoliita mwenyewe. Mafundi wengi wa kuchora mabango kwa kompyuta, wakitaka neno ling'are kama dhahabu au liinuke kama limechongwa mlangoni, huliandika, kisha hubonyeza amri ya kuligandisha liwe picha, ndipo wakalipaka watakavyo. Lapendeza, hakuna anayekataa. Lakini si neno tena. Ukija ukagundua umeandika "Karibi" badala ya "Karibu", huwezi kuifuta i ukatia u, kwa sababu huna i wala u. Una doa la rangi lenye umbo la herufi. Waanza upya.

Zuleikha alifanya kazi kama fundi cherehani. Neno aliliacha liwe neno, akalivisha. Rangi ya ndani ilikuwa vazi la kwanza, ukingo wa nje vazi la pili, juu yake mng'aro, chini yake kivuli, kila kimoja kimetundikwa peke yake na chaweza kuvuliwa wakati wowote. Mteja akibadili nia, Zuleikha alibofya, akafuta, akaandika neno lingine, na mavazi yote yakalikaa lile jipya papo hapo, na vipimo vyake, bila mkunjo. Alijifunza hivyo chuoni, mwaka wa pili wa stashahada yake, na siku hiyo alirudi kwao Bofu, mtaa wa Likoni, akitabasamu barabara nzima kama aliyepewa habari ya posa.

Kasoro yake ilikuwa moja. Kulivisha neno namna hiyo kwa mara ya kwanza huchukua muda, na duka alilofanyia kazi halikuwa na subira.

Duka lenyewe lilikuwa papo hapo Bofu, vyumba viwili, cha mbele kompyuta mbili na cha nyuma mashine ya kuchapa mabango. Mwenyewe alikuwa Madamu Agneta, mama wa kutoka bara aliyeishi Likoni miaka ishirini. Kabla ya kufungua duka alisomesha Kiswahili shule ya msingi, na ualimu haukumtoka. Mteja akileta maandishi yake, Madamu aliyasahihisha kwanza kwa kalamu nyekundu, bure, kisha ndipo aulize bango la ukubwa gani. Alipenda kusema kwamba nusu ya vibao vya Likoni amevistiri yeye. Wala hakuwa akijisifu tu. Ukipita njia ile utaona "kinyozi" imeandikwa vizuri kila mahali.

Zuleikha alikuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio, na miezi hiyo ilikuwa inaisha Ijumaa. Jumatatu Madamu alimwita akamwambia, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba kazi yake ni nzuri kuliko zote zilizowahi kutoka dukani humo, ila ni ya polepole. Gedion, kijana wa meza ya pili, humaliza mabango manne yeye angali anapanga kivuli cha moja. Barua ya ajira ilikuwa tayari mtotoni mwa meza. Ikiwa atatia sahihi au hatatia, Madamu angeamua hiyo Ijumaa.

Zuleikha akaitika "abee Madamu," akarudi kwenye kiti chake. Gedion, ambaye hakuwa mtu mbaya hata kidogo, alimnong'oneza kwamba anajisumbua bure.

"Zule, hiyo kitu igandishe tu, tuprinti, tuende. Nani atakuja kuangalia kama herufi inapumua?"

Zuleikha alimwambia kwamba yeye Gedion ana makaburi ya herufi kwenye kompyuta yake, na siku moja yatafufuka yamdai. Gedion akacheka, akaendelea kuzika.

Alhamisi asubuhi akaingia Bi Mwanarehema.

Bi Mwanarehema alikuwa mwenyeji wa Bofu tangu babu wa babu, mama wa makamo, mpole wa sauti, na Jumamosi ya wiki hiyo baada ya adhuhuri alikuwa anafungua hoteli yake ya kwanza: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mbaazi na mahamri. Bango alikuwa ameliagiza kwa Gedion, kwa simu, na jana yake Gedion alikuwa amemtumia sampuli. Sasa alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwambia avue, akapokea shikamoo ya Zuleikha na ya Gedion, akaketi, akauliza habari za nyumbani za kila mmoja mpaka zikaisha. Ndipo akaitoa simu mkobani na kuiweka mezani.

"Wanangu, mimi nauliza tu," alisema. "Hii ndoo mloniwekea, ni ya kunawia mikono au ni ya kupigia deki?"

Zuleikha akainama kutazama. Kwenye sampuli, chini ya maneno NDOO ULE, palikuwa na ndoo. Ndoo nzima, ya bluu, yenye mkono wa waya, inafuka moshi.

Ilibidi Gedion ajieleze, na alijieleza kwa moyo safi. Yeye aliambiwa kwenye simu aandike "Ndoo ule". Kwao bara, wamama wanaouza chapati na maharagwe kwenye kazi za ujenzi huvibeba kwa ndoo, kimoja ndoo hii, kingine ndoo ile. Akajua biashara ndiyo hiyo. Tena alihangaika kuutafuta ule moshi ili ionekane chakula ni cha moto.

Zuleikha alicheka mpaka akashika meza. Bi Mwanarehema naye alianza kwa kujizuia, akashindwa, akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Alipopata pumzi alimweleza Gedion, taratibu, kama amfundishaye mjukuu, kwamba watu wa Mvita, yaani Mombasa, hawasemi njoo, wasema ndoo. Njia kwao ni ndia, njaa ni ndaa. Marehemu mamake alipikia mlangoni kwake miaka thelathini, hapo hapo atakapofungua yeye, na hakuwa na kibao wala bango. Alikuwa na sauti yake. Wanaume wakitoka kazini aliwaita, "Ndoo ule," na wakaja. Hilo ndilo alilotaka liandikwe. Si jina lake yeye, si picha ya samaki. Ule mwito.

Madamu Agneta, aliyekuwa chumba cha nyuma, alisikia yote. Alitoka, akamwomba Bi Mwanarehema radhi kwa ile ndoo, na kazi akampa Zuleikha. Faili ya Gedion haikufaa kitu. Maneno yalikuwa yamegandishwa pamoja na moshi, na kuitoa ndoo ilikuwa sawa na kutoa sukari kwenye chai.

Zuleikha alianza upya kwenye ukurasa mweupe, na siku nzima hakuinua kichwa. Hakutaka dhahabu, dhahabu kila mtu anayo. Alitafuta rangi ya tui lililoiva kwa bizari, manjano nzito inayoelekea rangi ya chungwa, ikawa mwili wa herufi. Ukingoni alizungusha weusi usio sawa, kama ngozi ya samaki aliyeguswa na makaa. Juu akapitisha mng'aro mwembamba wa mafuta. Kivuli akakilaza kushoto, kifupi, cha saa sita unusu, wakati ambao watu huwa na ndaa. Na chini ya mavazi yote hayo, neno lilikuwa bado neno.

Ilikuwa karibu na magharibi Madamu aliposimama nyuma ya kiti chake. Aliinama akaitazama ile bizari. Kisha akasema inapendeza sana, na hapo hapo akasema neno libadilishwe liwe NJOO.

Alikuwa na hoja, na Zuleikha hakuweza kuikataa kuwa ni hoja. Barabara ile hupita watu wa kila namna. Waliohamia kutoka bara ni wengi, tena ndio walao hotelini, kwa kuwa hawana wa kuwapikia nyumbani. Ikiwa Gedion, mtu wa kuchora, ameona ndoo, dereva atakayepita mbio ataona nini? Na zaidi ya yote, Madamu alisema, bango hufundisha. Watoto wa shule hupita pale. Kiswahili sanifu ni njoo.

Zuleikha alijibu kwamba Kiswahili kilikuwako kabla ya usanifu, na kilikuwa kikiitana kula bila shida.

"Sikatai," Madamu alisema. "Lakini duka ni langu, na anayechekwa ni mimi. Libadilishe."

Zuleikha alibofya mara mbili, akafuta D, akaandika J. Ilikuwa kazi ya kupepesa jicho. Mkia wa J ukashuka chini ya mstari, na bizari, makaa, mafuta na kivuli vikashuka nao, kila kimoja mahali pake. Madamu aliusogeza uso karibu na kioo cha kompyuta. Alikuwa amezoea kuambiwa "rudi kesho" kwa badiliko kama hilo. Akauliza kama ndiyo imeisha. Zuleikha akamwambia imeisha. Madamu akaenda kufunga milango, akitembea kama mtu anayepiga hesabu ya jambo fulani kichwani.

Ijumaa Madamu aliondoka mapema kwenda Changamwe, kupeleka stika za malori kwenye ghala moja la mafuta. Aliacha maagizo mawili. Bi Mwanarehema aje alione bango kabla halijachapwa. Na lichapwe kabla ya saa nane, kwa sababu ilikuwa imetangazwa kwamba umeme utakatwa kutoka saa hiyo mpaka usiku, na Jumamosi asubuhi wino lazima uwe umekauka.

Bi Mwanarehema alikuja saa nne. Aliketi kando ya Zuleikha, akatazama kwenye kioo. Zuleikha alimtazama yeye.

Kwanza uso ulifunguka, kwa ile rangi. "Hii ni bizari," alisema, akainyooshea kidole bila kuigusa. Kisha akasoma. Ule uso ukabaki hapo hapo ulipofika, haukuendelea.

"Zuri," alisema. "Wallahi zuri. Ila huyu anayeita hapa, mimi simjui."

Zuleikha alijaribu kumweleza hoja ya Madamu, na aliieleza kwa haki, bila kuipunguza. Wapitaji, madereva, watu wa bara, ile ndoo ya bluu. Bi Mwanarehema akaitikia kila moja kwa kichwa. Akasema hana ugomvi. Kama haiwezekani, basi na iandikwe hivyo hivyo, watu watakula tu. Akashika mkoba.

Na kule kushika mkoba ndiko kulikomchoma Zuleikha. Lau Bi Mwanarehema angegomba, Zuleikha angeweza kugombana naye. Lakini alikuwa anakubali, anaondoka, na kesho angefungua hoteli yake chini ya sauti ya mtu asiyemjua.

"Bibi, hebu ngoja," alisema. "Mamako alikuwa akiitaje? Si maneno. Nataka sauti."

Bi Mwanarehema alitazama mlangoni, akamtazama Gedion, akaona haya kidogo. Kisha akaweka mkono mmoja kinywani, akainua kidevu, na mle dukani, kati ya kompyuta mbili na karatasi za kalenda, ikapita sauti nyembamba ndefu iliyoanzia chini na kupanda, ikapungua kadiri inavyokwenda mbali.

"Ndooooo, mwanangu. Ule."

Hata Gedion aligeuka kiti kizima.

Zuleikha tayari alikuwa ameshalibofya neno. Akaitoa J, akairudisha D. Kisha akaongeza O moja. Herufi zikasogeana zenyewe kuipisha, kivuli kikajirefusha. Bi Mwanarehema akasema bado. Akaongeza nyingine. Bado kidogo. Akaongeza ya tatu, na sasa zilikuwa O tano mfululizo, na Bi Mwanarehema akasema, "Hapo. Hapo ndipo alipokuwa akifika kwenye mnazi wa jirani."

Lakini hazikuwa zimekaa sawa. Zilisimama kama magurudumu ya lori. Zuleikha akazishika moja moja. Kila O aliipunguza kidogo kuliko ya kabla yake na kuiinua kidogo kwenye mstari uliopinda, mpaka ya mwisho ikawa ndogo kama shanga, imeelea juu kabisa ya bango, bizari yake ikiwa imefifia. Chini, kwa herufi tulivu, akaandika MWANANGU, ULE. Hakulazimika kupaka upya hata ukingo mmoja. Kama neno lingekuwa limegandishwa, hiyo ingekuwa kazi ya kutwa mbili.

Akaegemea kiti. Akaliona jambo ambalo hakuwa amelitafuta: ile ndoo ilikuwa imetoweka. Hakuna mtu duniani anayeirefusha ndoo. Ukishaona O tano zinapaa, wajua ni mtu anaita.

"Mama yangu ni huyu," Bi Mwanarehema alisema. Alimshika Zuleikha bega, akakaa hivyo.

Saa sita Zuleikha alimpigia Madamu simu. Haikushikwa. Alipiga tena saa saba kasorobo, akakumbuka kwamba kwenye maghala yale simu huachwa langoni. Gedion alimwambia angoje. Akamkumbusha barua iliyo mtotoni, na safari hii hakuwa akitania. Ilifika saa saba na robo. Mashine huhitaji dakika arobaini kwa bango la ukubwa ule. Zuleikha alipeleka faili kwenye mashine, akabonyeza, akasimama kuitazama herufi ya kwanza ikitoka. Hakuwa na hofu aliyoitarajia. Alikuwa na njaa tu, na alikuwa radhi.

Bango lilitoka dakika tano kabla umeme haujakatwa. Walilitundika ukutani chumba cha mbele likauke.

Madamu Agneta alirudi saa tisa, amechoka kwa vumbi la malori, akalikuta limejaa ukuta mzima. Aliziona O. Alizihesabu kwa kidole, kama ahesabuye makosa kwenye insha. Zuleikha alisimama akamweleza yote, tangu kushika mkoba mpaka umeme. Hakuficha kwamba aliamua mwenyewe.

"Nilisema njoo," Madamu alisema.

"Ulisema, Madamu."

"Na wewe ukaandika ndoo, tena ukaongeza juu yake."

"Tatu. Niliongeza tatu."

Kabla hajajibiwa akaingia Nyambura, muuza mitumba aliyehamia Likoni kutoka Nyeri hata mwaka hajamaliza, amekuja kuchukua kadi zake za biashara. Hakuwa na habari ya lolote. Alisimama katikati ya duka, akainua macho ukutani, na midomo ikaanza kusoma yenyewe, jinsi watu wafanyavyo.

"Ndooooo," alisoma, na sauti ikapanda na zile O bila mwenyewe kukusudia. "Mwanangu, ule." Akawageukia. "Na hako kahoteli kako wapi? Mimi sijakula tangu asubuhi."

Madamu alimtazama kwa makini, jicho la mwalimu kabisa.

"Hiyo ndoo, Nyambura, umeielewaje?"

"Ndoo gani?" Nyambura aliuliza, akatazama sakafuni asije akaipiga teke.

Gedion alilazimika kutoka nje.

Nyambura alipokwenda na kadi zake, ameshaelekezwa njia na kuambiwa ni kesho, Madamu alikaa. Alilitazama bango tena, na mara hii hakuhesabu. Alisema, kama anayesema na ukuta, kwamba miaka kumi na moja alisomesha kwamba mwito huandikwa kwa alama ya mshangao mwishoni. Hakuwahi kufikiri waweza kuandikwa kwa kuzipunguza herufi ukubwa zikienda mbali. Kisha akavuta mtoto wa meza, akaitoa ile barua, akatia sahihi pale pale, kwa kalamu nyekundu kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Akasema kuanzia Jumatatu Zuleikha amfundishe Gedion kuvalisha herufi, na yale makaburi yake yafungwe.

Zuleikha aliipokea barua kwa mikono miwili, akashukuru. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani.

"Sasa," Madamu alisema, akiifunika ile kalamu, "jambo moja tumalize. Kazi ni nzuri, nimeikubali. Lakini ulikwenda kinyume cha neno langu, na hukuningoja. Niombe radhi, yaishe."

Hakulisema kwa hasira. Kwake ilikuwa kama kufunga mabano yaliyofunguliwa. Zuleikha aliliwaza kwa haki, akiwa amesimama na barua yake mkononi, chini ya O tano zilizokuwa bado zinanuka wino. Alilitafuta kosa moyoni mwake, akapekua kila pembe, asilione.

"Siku nitakayoiharibu kazi yako, Madamu, nitakuomba radhi kabla hujanitaka," alisema. "Leo sikuiharibu. Siombi."